Magofu ya Mji Mkongwe, vijana waachwe waingie au wazuiwe?

Siku hizi ukishika simu hukosi klipu ya kijana kaingia kwenye gofu pale Mji Mkongwe Zanzibar, anapanda ngazi za mbao zilizooza huku anasema nyumba hii ina majini. Wazee wanakasirika, hawa watoto wanatafuta kifo na wanavunjia heshima majumba ya watu. Vijana nao wanajibu kwenye komenti, tusipoingia sisi nani atajua ndani kuna nini, maana mlango ukishapigwa kufuli ndo basi mpaka siku ukuta uanguke. Mi naona wote wana ukweli wao ila wanagombania ngazi tu, wakati zito zaidi ni kile kinachosimuliwa mle ndani.

Hatari ipo na haina mjadala. Majumba haya ni mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Paa likianza kuvuja maji yanashuka kwenye ukuta, chokaa inalegea, ncha za boriti zinaoza mule mule ukutani ambapo huzioni, kwa hiyo unaweza kukanyaga sakafu unaiona nzima kabisa kumbe haijashikwa na kitu. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Sultani Barghash, jengo la 1883, ilishafungwa kwa wageni, inafanyiwa matengenezo na mafundi wapo, na bado tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mkubwa uliporomoka na watu wawili wakafariki. Sasa kijana peke yake na simu mkononi usiku itakuwaje?

Lakini kufunga tu nako kunapoteza vitu. Chukua sinema ya Majestic pale Vuga, jengo la 1955 lililosimama badala ya lile la mwanzo lililoungua moto. Kwa mpita njia ni jengo kuukuu tu, ila muulize bibi wa mjini atakwambia habari za zanana, yale maonyesho ya wanawake peke yao, buibui zimejaa, filamu za Kihindi na watu wanalia pamoja. Hiyo huipati kwenye jiwe, unaipata kwa mtu, na mara nyingi mtu anaanza kusimulia pale anapoliona tena jengo hata kama ni kwenye klipu ya mtoto wa jirani. Hapo vijana wanatusaidia kweli.

Kinachoniuma ni hizi hadithi za majini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa na serikali, wenyewe wengine wakawa wameshakimbilia Oman, Mombasa, Dubai, na familia kutoka mashamba na Pemba zikapewa vyumba humo, zikazaa, zikaozesha watoto wao, zikazika. Kwa hiyo chumba kimoja kina watu wawili wanaokililia, mmoja yuko Maskati kule Oman anasema hapa ndo kwa babu yangu tulinyang'anywa, mwingine yuko Ng'ambo, mitaa ya Unguja mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, anasema hapa ndo mara ya kwanza sisi kulala chini ya dari ya maana. Hawa wote wanasema kweli na kauli zao hazipatani, na mi sioni haja ya kuzipatanisha. Ila ukija na hadithi ya jini umewafuta wote wawili kwa mpigo mmoja. Kasri la Mtoni leo ni kuta tu lakini tunajua waliishije mle kwa sababu Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa hapo, aliandika kumbukumbu zake zikatoka 1886. Majumba mengine hayana Salme wao, yana wapangaji ambao hakuna aliyewauliza, na aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Mapinduzi sasa kashavuka 80.

Kwa hiyo mi siungi mkono kuwafukuza, wala siungi mkono wapande juu. Wapitie kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, kwanza, wabaki chini uani wapige picha zao, halafu watafute waliowahi kukaa humo, wa huku na wa Maskati, wawarekodi kila mmoja kivyake bila kumkata. Na mtu akisema jina lake lisitajwe, lisitajwe.