Presha kuka haiharibu wali, maji ndiyo yanayouharibu

Mwezi uliopita jirani yangu aliniletea bakuli la wali akaniomba nionje. Mchele ulikuwa basmati mzuri wa Pakistani, harufu yake ilinifikia kabla bakuli halijatua mezani. Lakini punje zilikuwa zimekatika na kushikana, ukichota kijiko linakuja bonge. "Nimeupika kwenye ile presha kuka ya umeme," akaniambia, "na sirudii tena. Ile ni ya maharage na makongoro." Nikamwuliza, "Dada, maji ulitia kiasi gani?" Akanijibu: kama siku zote, kikombe cha mchele kwa vikombe viwili vya maji.

Kauli hiyo ya "ile ni ya maharage" nimeisikia kwa watu wengi, na inaniuma kwa sababu watu wanaacha chombo kizuri kwa kosa ambalo si la chombo. Mimi napika wali kwenye presha kuka karibu kila siku, na wali wangu unachambuka punje kwa punje. Siri kubwa haipo. Ipo hesabu ya maji, na upo uvumilivu wa dakika kumi.

Tuanze na maji. Kwenye sufuria maji yana kazi mbili. Sehemu moja inaingia ndani ya punje na kuuivisha wanga, sehemu ya pili inapaa kama mvuke na kupotelea hewani. Punje yenyewe hainywi mengi kama tunavyodhani: kikombe cha mchele kinatosheka na kikombe cha maji au zaidi kidogo. Kile kikombe cha pili tunachotia kinaliwa na moto. Sasa presha kuka ikishajifunga, mvuke hauna pa kwenda. Unaotoka ni ule mdogo wa mwanzoni, kabla ile pini ya kwenye kifuniko, inayofunga mvuke, haijapanda. Kwa hiyo ukitia vikombe viwili, vyote viwili vinabaki mle ndani na mchele, na mchele utavinywa upende usipende. Huo ndio wali wa jirani yangu.

Na hapa nataka kuwatetea mama zetu na bibi zetu waliopima maji kwa kidole. Unasawazisha mchele, unasimamisha kidole juu yake, unatia maji mpaka pingili ya kwanza, iwe ni sufuria ya watu wanne au ya watu kumi. Tulipoanza kununua vikombe vya kupimia tuliona kile kidole ni ushamba, kumbe kilikuwa na elimu ndani yake. Maji yanayopaa hewani hayategemei wingi wa mchele, yanategemea upana wa sufuria, ukali wa moto na muda wa kupika. Ile pingili moja ndiyo sehemu inayoliwa na moto, na haibadiliki sana mchele ukiongezeka. Anayezidisha kila kitu mara mbili, vikombe kumi vya mchele kwa ishirini vya maji, ndiye anayepeleka mashendea kwenye shughuli. Kwenye presha kuka, ile pingili ya moto unaiondoa karibu yote.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyopika. Vikombe 2 vya basmati naviosha maji matatu au manne, kwa mkono mwepesi, mpaka maji yaache kuwa ya maziwa. Ule weupe ni vumbi la wanga lililotokana na kukobolewa na punje kusuguana; ukiuacha unageuka gundi, na mara nyingine unatulia chini ya sufuria na kufanya mashine ilalamike kwamba chakula kinaungua. Naloweka dakika 20, kisha nachuja kwenye chujio mpaka maji yaache kudondoka. Hapo natia maji vikombe 2 kasoro robo, kwa kuwa mchele uliolowekwa umeshakunywa chake. Ukiwa na haraka na hukuloweka, tia vikombe 2 kamili. Chumvi, kijiko cha samli au mafuta ili povu lisipande, na matone machache ya ndimu ukipenda punje nyeupe na ngumu kidogo. Nafunga, naweka presha ya juu kwa dakika 4. Kile kitufe kilichoandikwa wali sikitumii. Kimetengenezwa kwa mchele wa aina nyingi, na basmati si kama mchele mwingine.

Dakika nne zikiisha, nazima kabisa. Siiachi ijiwekee joto yenyewe. Nazima, kwa sababu lile joto la chini linakausha na kuunguza punje za chini huku za juu zikiwa bado na unyevu. Kisha nasubiri dakika 10 bila kugusa valvu, yaani kile kitundu cha kutolea mvuke.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, hata waliopatia maji. Ndani ya presha kuka maji yanafika nyuzijoto kama 115, si zile 100 za sufuria ya kawaida. Ukifungua valvu ghafla, presha inashuka haraka na maji yote yaliyomo, hata yale yaliyo ndani ya punje, yanataka kuchemka kwa mara moja. Punje ya basmati ni ndefu na nyembamba. Inapasuka, wanga unamwagika nje, na mwenzake anaganda nao. Kisha unaambiwa mashine imevuruga wali.

Nimelelewa Tanga, na nyumbani wali ulipokuwa umekauka maji, mama alikuwa anapunguza moto wa chini, anafunika, halafu anapalia makaa juu ya kifuniko. Ole wake mtoto aliyefunua. Wali ulikuwa unamalizikia pale, kwa mvuke wake wenyewe, joto likija juu na chini bila maji kutokota tena. Mimi naamini kabisa kwamba zile dakika 10 za kuacha presha ishuke yenyewe ndizo kupalia kwetu kwenye jiko la umeme. Ni kazi ileile: unyevu unagawana, punje ya juu na ya chini zinalingana, na wanga unaanza kutulia. Mtu ambaye asingethubutu kumfunulia mama yake wali uliopaliwa anafungua valvu ya presha kuka dakika ile ile inapolia. Kwa nini?

Ukishafungua, nyanyua kifuniko kwa kukielekeza pembeni, maji yaliyoganda kwa ndani yasidondokee wali. Uache wazi dakika mbili tatu, kisha uchambue kwa uma kuanzia pembeni. Mwiko mpana unazikata punje zikiwa bado moto.

Kuhusu mchele wenyewe sina mengi, ila moja ni la lazima: basmati mkuukuu ni bora kuliko mpya. Ukikaa ghalani mwaka au zaidi unapoteza unyevu, na ukipikwa unarefuka badala ya kunenepa. Wanga wake nao una amilosi, ile aina ya wanga isiyonata, ya kutosha kuzifanya punje zisigandane, tofauti na michele inayonata. Wenzetu wa Kenya wenye pishori ya Mwea wako karibu sana na habari hii, maana pishori ile ni mbegu ya Basmati 370, iliyotolewa mwaka 1933 katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, Punjab. Lakini pishori iliyotoka kuvunwa, kama mchele mpya wa Kyela, bado ina maji yake ndani. Ipunguzie maji kidogo na uionje kwanza kabla ya kupikia wageni. Na walioko Nairobi au Mbeya, ambako maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, waongeze dakika moja.

Wali wa nazi ni suala la peke yake. Tui zito silitii kabla ya kufunga, linakatika na kushika chini. Napikia tui jepesi, nalihesabu kama maji, kisha tui zito nusu kikombe nalimwagia juu baada ya kufungua, nafunika tena dakika tano na kile kijoto kilichobaki. Ladha ya nazi inakuwa mbichi zaidi hata kuliko ya kwenye sufuria.

Kuna wanaoniuliza kama naokoa muda. Kwa wali, si sana. Mashine inachukua kama dakika 8 kupanda presha, 4 za kupika, 10 za kusubiri. Gesi inakaribia hapo hapo. Ninachopata ni mikono yangu. Sisimami nikipunguza moto, sifunui kuchungulia, naenda kukagua daftari za watoto. Na umeme ni mdogo: jiko la wati 1,000 linawaka kwa dakika kama 12 tu kati ya hizo zote, yaani uniti moja ya LUKU, ule umeme wetu wa kulipia kabla, inapika sufuria nne au tano za wali. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, lakini mtu aliyepewa jiko bila kuambiwa habari ya maji atalirudisha kabatini na kwenda kununua mkaa, kama jirani yangu alivyotaka kufanya.

Jumamosi iliyopita tulipika pamoja jikoni kwake, mchele uleule, mashine ileile. Alipochambua kwa uma punje zikaachana, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ukoko?"

Ukoko haupo. Hilo nakiri, na naukosa. Kwa ajili ya ukoko, siku moja moja bado nawasha jiko la mkaa na kupalia.