Mjomba na Mfupa wa Mjusi

Mjomba alikuja Lindi kutoka Dar akiwa amenuna. Jirani yake alikuwa amerudi kutoka Berlin, akamwonyesha picha aliyopiga kwenye makumbusho yao, Museum für Naturkunde, chini ya mifupa ya yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa huku kwetu Lindi, mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu. Kisha akamchokoza: “Nyie wenye mjusi hata kumwona hamjamwona!”

Kwetu kusini mjomba akisema twende, huulizi wapi. Nikatafuta bodaboda, tukapanda mshikaki: dereva, Mjomba, mimi nyuma nusu tako nje.

Tulipoiacha lami, Mjomba akaanza somo. Kila akifungua mdomo anameza vumbi, lakini wapi! Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka pale, na watu wetu ndio waliobeba mizigo hiyo kichwani, kwa miguu, mpaka bandarini Lindi. “Msimamizi alikuwa Boheti bin Amrani!” alipiga kelele. “Kuna anayemtaja leo?” Dereva akadhani anaulizwa yeye, akajibu kwamba hamfahamu, labda ni wa kijiwe kingine.

Kufika, ni kilima, nyasi na jua la utosi. Mjomba akazunguka kichakani kama mtu aliyedondosha funguo. Mara nikasikia takbira. Akatokea amekumbatia mfupa mrefu kama mkono wangu, mweupe, mwisho wake umevimba kama ngumi. Akauviringisha kwenye kanga aliyotumwa ampelekee shangazi.

Hatukufika mbali. Kijiji cha kwanza tu, vijana wakatusimamisha: wageni mmepita bila kuripoti ofisini, na hicho kwenye kanga ni nini? Tukapelekwa kwa Mtendaji. Kufumba na kufumbua, nusu ya kijiji iko dirishani.

“Mzee wangu,” Mtendaji alisema kwa upole wa kutisha, “unaijua Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964? Mfupa wa mjusi hauondoki hivihivi.”

Mzee mmoja akaomba autazame. Akaugongagonga kwa kucha, akaunusa. “Huyu ng'ombe,” akasema. “Wa mjusi ni jiwe. Huu mwepesi.”

Nikashusha pumzi. Nikamfinya Mjomba akubali yaishe. Wee! Mtu amekula vumbi lile lote halafu aambiwe ameokota ng'ombe? Akasimama wima: “Mimi nimesoma. Huu ni mfupa wa mjusi, una miaka milioni 150!”

“Kwa hiyo unakiri,” Mtendaji akasema, akafungua daftari.

Hapo mzee akaomba kanga iwekwe chini mlangoni. Mbwa aliyekuwa amelala kivulini akanyanyua pua, akaja taratibu, akauchomoa mfupa na kutoka nao mbio. Tukasikia anautafuna huko nyuma ya ofisi, kwa raha zake, ko, ko, ko. Dirishani watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Mtendaji alificha uso kwenye daftari.

Nilidhani yamekwisha. Akapenya mfugaji mmoja, fimbo mkononi, hacheki hata kidogo.

“Kama ni ng'ombe, basi ni wangu. Alipotea kiangazi. Nani kamla?”

Kimya. Macho yote kwa Mjomba.

“Mtendaji,” Mjomba akasema haraka, “naomba uandike tena mjusi.”

Tuliokolewa na tiketi ya basi. Mjomba alipekua mifuko yote, akaitoa ndani ya soksi, ikasomwa kwa sauti mbele ya wote: Dar hadi Lindi, ya jana yake. Mfugaji akaigeuza mbele na nyuma, akaondoka akinung'unika. Mtendaji akatutaka tusaini kitabu cha wageni. Kwenye “madhumuni ya safari” Mjomba aliwaza sana, akaandika: “Kusalimia.”

Nje, dereva wa boda alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake.

“Wazee wangu, poleni sana,” akasema. “Sasa tuzungumze hela ya kusubiri.”