Mandarin wa Iron Man 3: tulipigwa kweli?

Tukumbushane kwanza maana wengine mlikuwa wadogo. 2013 Marvel, wale wa vitabu vya katuni na muvi za mashujaa, walitoa Iron Man 3, na treila ilituonyesha adui mmoja tu, Mandarin, mwigizaji Ben Kingsley kakaa na ndevu zake na pete vidoleni, anaongea taratibu mpaka unasisimka. Sisi tulikuwa tunamsubiri toka 2008, coz kwenye Iron Man ya kwanza wale majamaa waliomteka Tony Stark, yani Iron Man mwenyewe, kwenye mapango ya Afghanistan waliitwa Ten Rings, yani Pete Kumi, so kila mtu alijua bosi wao anakuja.

Mi niliicheki kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi. Tony kazama kwenye jumba la Mandarin kule Miami, bastola mkononi, kibanda kizima kimya, mara mlango wa choo unafunguka anatoka Mandarin mwenyewe anawaambia mademu kitandani humo msiingie kwanza kama dakika 20 hivi. Watu walicheka mpaka benchi likayumba, ila jamaa pembeni yangu hakucheka, aliuliza tu, "sa adui yuko wapi?" Kumbe yule sio gaidi wala nini, ni mwigizaji mlevi wa Kiingereza anaitwa Trevor Slattery, kakodiwa asome maneno mbele ya kamera, na mwenye mchezo wote ni Aldrich Killian, mfanyabiashara kavaa suti.

Ubishi wote mpaka leo uko kwenye swali la yule jamaa.

Walionuna wana hoja, tusiwabeze. Mandarin yupo kwenye vitabu vya katuni toka 1964, na kwa Iron Man yeye ni kama Joker kwa Batman, pete zake kila moja na nguvu yake, alizitoa kwenye chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Unakuja kumfanya komediani! Ni kama umekata tiketi ya Simba na Yanga, umejipaka rangi usoni, halafu wanaingia maveterani wenye vitambi kucheza bonanza. Tena treila ilijua kabisa inachofanya.

Sasa geuza upande wa pili. Yule Mandarin wa vitabuni ukimwangalia leo anatia aibu, kachorwa enzi za vita baridi, Mchina mwenye kucha ndefu anayetaka kuitawala dunia, kile kikaragosi cha Mwasia mwovu ambacho Wazungu walikuwa wanatishiana nacho toka kabla hata Marvel haijazaliwa. Ungemleta vilevile 2013 ungekuwa unatukana watu. Alichofanya director Shane Black ni kuichukua ile hofu yenyewe na kuionyesha inavyotengenezwa, jina la Kichina, mavazi na ndevu za kukukumbusha magaidi wa kwenye taarifa ya habari, sauti ya mhubiri wa Kimarekani, vyote vimeshonwa pamoja studio. Na dalili ilikuwepo mapema, ukirudia muvi utaisikia, kuna sehemu Mandarin anaongelea vile vibiskuti vya bahati vya migahawa ya Kichina, anasema vinaonekana vya Kichina lakini ni uvumbuzi wa Marekani, ndani ni vitupu vimejaa uongo. Alikuwa anajisema mwenyewe, sisi tukapitiliza.

Ila nao Marvel wasijifanye malaika, soko la China lilikuwa linatazamwa kwa jicho la karibu, mpaka kulikuwa na toleo la huko lenye sini za ziada za mwigizaji wa China Fan Bingbing, na muvi iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 dunia nzima. Heshima na pesa zilipanda daladala moja.

(Na Kingsley mwenyewe si mgeni sana kwetu, jina la kuzaliwa ni Krishna Bhanji, babu yake alitoka India akaja kufanya biashara ya viungo Zanzibar.)

Mi nilinuna pia miaka hiyo, sasa hivi naona ule mchezo ulikuwa mkali, kilichoharibu ni aliyewekwa badala yake. Umevua barafakoa, sawa, chini yake yuko nani? Killian, mtu ambaye kisa chake kikubwa ni kwamba mkesha wa mwaka mpya 1999 kule Bern Tony alimwambia akamsubiri juu ya paa halafu hakutokea. Kaka, kwa hilo tu? Mwishoni anavua shati anaonyesha tattoo za madragoni anapiga kelele kwamba Mandarin ni yeye, na pale kibandani hakuna aliyeshtuka. Staring anapimwa kwa adui yake bwana.

Halafu 2021 ikaja muvi nyingine ya Marvel, Shang-Chi, mwigizaji Tony Leung akiwa Wenwu, mwenye pete wa ukweli, sasa zinavaliwa mikononi kama bangili, baba mwenye majonzi ya mke, na anamcheka yule Mmarekani aliyempachika jina la chakula, na Marekani ikaliogopa. Kucha hazipo, ukatili upo, na unamhurumia huku unamuogopa. Kwa hiyo iliwezekana kumheshimu Mchina na kumheshimu adui kwa wakati mmoja, hilo linawakata wote wawili waliokuwa wanabishana.

Shida ni kwamba Tony Stark alishakufa kwenye muvi ya Endgame 2019, so yeye na Wenwu hawajawahi kukutana uso kwa uso hata sini moja, na hapo shabiki wa toka 2008 akiendelea kununa mi namwacha anune.