Wanasayansi vijana wa India na sisi: tofauti iko kwenye mchango

Ninaishi Bengaluru, kusini mwa India, na ninafanya utafiti pamoja na vijana wa Kihindi ambao wengi wao wamewahi kuomba ufadhili wa kimataifa. Kwetu Tanzania tumezoea kusema kwamba Wahindi wametuacha nyuma kwa sababu serikali yao ina fedha nyingi za sayansi. Ni kweli kwamba nchi ni kubwa na jumla ya fedha hizo si ndogo, lakini India hutumia takriban asilimia 0.6 tu ya pato lake la taifa kwa utafiti, wakati viongozi wa Afrika walikubaliana kufikia asilimia 1. Kwa maoni yangu, wanachotuzidi zaidi ni namna wanavyoingia katika ushirikiano na mataifa mengine.

Mwaka 2008 idara ya bioteknolojia ya serikali ya India na shirika la hisani la Wellcome la Uingereza zilianzisha mpango wa pamoja uitwao India Alliance, na kila upande ukaweka kiasi sawa cha fedha. Mtafiti kijana anayechaguliwa hupata ufadhili wa miaka 5, makao yake yanakuwa katika taasisi ya India, na anaruhusiwa kutumia sehemu ya muda huo katika maabara ya nje. Kabla ya hapo, mwaka 1987, India na Ufaransa zilikuwa zimeunda kituo cha pamoja cha kuendeleza utafiti, chenye ofisi Delhi, kinachogharimiwa na serikali zote mbili. Hata ufadhili wa Fulbright wa Marekani uliongezewa jina la Nehru baada ya India kukubali kuugharimia bega kwa bega na Wamarekani.

Jambo linalonigusa zaidi ni jinsi walivyofikiria suala la kurudi. Har Gobind Khorana, mwanabiokemia mzaliwa wa India aliyekwenda kusoma Uingereza mwaka 1945, alirejea India mwaka 1949 akakosa kazi, akaondoka tena, na alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1968 alikuwa tayari raia wa Marekani. Leo upo ufadhili maalumu kwa ajili ya Wahindi wa sayansi za uhai walioko ng'ambo na wanaotaka kurudi, unaowapa mshahara na fedha za kuanzisha utafiti kwa miaka 5 wakiwa katika taasisi ya nyumbani. Umepewa jina la Ramalingaswami, daktari ambaye utafiti wake katika bonde la Kangra, chini ya Himalaya, ulionyesha kwamba chumvi yenye madini joto huzuia rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Swali lake lilitoka katika vijiji vya nchi yake, na jibu lake likawafaa watu wa vijiji hivyo hivyo.

Sisi pia tuna ushirikiano wa muda mrefu, na sitaudharau. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, na leo ni taasisi ya Kitanzania inayoheshimika duniani kwa kazi zake za malaria. Hata hivyo, katika miradi mingi ninayoifahamu, fedha karibu zote hutoka nje, na mtafiti wetu kijana huitwa wakati swali limekwisha kuchaguliwa, bajeti imekwisha kugawanywa na kazi iliyobaki ni kukusanya sampuli. Akienda Ulaya kwa shahada ya uzamivu, hurejea chuoni akakabidhiwa madarasa yenye mamia ya wanafunzi, bila fedha za kununulia hata kemikali za maabara. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH) ipo kisheria tangu 1986, na mfuko wa taifa wa sayansi upo chini yake, lakini ni nadra kuona mfuko huo ukiketi mezani na mfadhili wa nje kwa mchango unaolingana.

India nayo haijakamilika. Wenzangu hapa hulalamikia posho zinazochelewa kwa miezi, na wapo wengi waliokwenda nje wasiorudi. Lakini anayetaka kurudi ana mahali pa kuomba.

Sasa kwa kuwa IIT Madras, chuo kikuu cha teknolojia cha India, imefungua kampasi yake Zanzibar tangu 2023, ningependa mazungumzo yetu na India yavuke nafasi za masomo na misaada. Tuwaombe mfuko mmoja wa pamoja kwa watafiti vijana wa pande zote mbili, nasi tutoe sehemu yetu kutoka bajeti ya serikali hata ikianza kwa watafiti 10 kwa mwaka, kwa masharti kwamba mtafiti wa Kitanzania afanye kazi yake akiwa na makao Dodoma, Morogoro, Arusha au Unguja, na swali la utafiti aliandike yeye mwenyewe.