Chensoo ya zamani na iliyochongwa: saa ya mkononi haitoshi kuamua

Wachana mbao wa Dodoma, Kondoa na Manyoni wana ubishi usiokwisha. Wapo wanaoapa kwa chensoo (msumeno wa injini) kubwa ya zamani, nzito, yenye mlio wa chini. Wengine wanataka ya kisasa ambayo fundi ameifungua ekzosi, akatanua matundu ya silinda na kuondoa gasketi ya chini ili mgandamizo uongezeke; hiyo ndiyo iliyochongwa. Ubishi huo kwa kawaida humalizwa kwa kulaza gogo na kushika saa: anayelimaliza mapema ndiye mshindi. Sikubaliani na njia hiyo, kwa sababu inapima dakika moja ya kazi inayochukua siku nzima.

Hata hivyo, hoja ya wapenzi wa zamani ina uzito kuliko vijana wanavyodhani. Stihl 070, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1960, ina injini ya sentimita za ujazo 105 na nguvu ya kilowati 4.8. MS 660 ya kampuni hiyo hiyo, iliyokuja baadaye, ina ujazo wa 91.6 tu, lakini inatoa kilowati 5.2, tena ni nyepesi kwa takriban kilo 3. Kwa takwimu hizo ya kisasa imeshinda kabla fundi hajaigusa. Ila 070 hufikia kilele chake ikizunguka kama mara 7,000 kwa dakika, wakati 660 inahitaji kama 9,500. Gawanya nguvu kwa mizunguko, utaona kwamba katika nguvu ya kuzungusha ile ya zamani inaongoza kwa karibu robo.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye mti. Mbele ya kila jino la cheni kuna kinundu kinachoamua jino lichimbe kiasi gani. Kwa cheni nyingi za kisasa za kukatia magogo, kinundu kiko chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Mwenye 070 anaweza kukipiga tupa kinundu hicho kidogo zaidi, jino likang'ata kwa kina, na injini isizimike. Mwenye mashine iliyochongwa akifanya hivyo kwenye mkwaju mkavu, mizunguko inaanguka, klachi inateleza na kuchemka. Yeye anategemea mwendo wa cheni: meno mengi yanayopita haraka, kila moja likitoa kidogo. Kwa hiyo kwenye msonobari laini wa shamba la miti la Sao Hill, iliyochongwa itaiacha ya zamani mbali. Kwenye kuchana mbao ya mninga mpana kwa urefu, ambako ubapa wote (bamba refu linalobeba cheni) umezama ndani ya mti kwa muda mrefu, sioni ajabu wazee wakikataa kubadilisha.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo mshindani mwenye saa halioni. Magome ya miti ya nchi kame yamejaa mchanga na vumbi. Cheni ikigusa mchanga inapoteza makali ndani ya muda mfupi, na cheni butu inafuta faida yote ya fundi. Ukiona unga laini unatoka badala ya vipande, injini yoyote uliyonayo unaichosha bure. Mara nyingi nikisikia kwamba mashine fulani imeishinda nyingine, swali langu la kwanza ni nani alinoa mwisho.

Kuna pia mwinuko. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mashine iliyosetiwa kabureta pwani ikija hapa inakunywa petroli nyingi kwa hewa kidogo, inafuka moshi na kuonekana dhaifu. Hilo si kosa la mashine, ni la bisibisi. Hatari zaidi ni kinyume chake. Mashine iliyochongwa na kubanwa petroli hapa ili ipige kelele nzuri, ikishushwa Kilosa kwa kazi ya wiki moja, inapata hewa nyingi kwa petroli ile ile. Mafuta ya kulainisha yamo ndani ya petroli hiyo, kwa hiyo pistoni inakauka, inachubuka, na mgandamizo ulioongezwa unaharakisha maafa.

Kufungua ekzosi nako hakulingani kwa mashine zote. Nyingi za kisasa zilibanwa ekzosi ili zitimize sheria za moshi na kelele za Marekani na Ulaya, hivyo zikifunguliwa na kabureta ikarekebishwa zinapumua vizuri na nguvu inaongezeka kweli. Ya zamani haikubanwa hivyo. Ukiitoboa unaongeza makelele tu. Linaloniuma ni mafundi wanaotupa wavu mdogo wa kuzuia cheche. Kati ya Juni na Oktoba nyasi za miombo ya Manyoni ni kavu kabisa. Cheche moja inaweza kuchoma msitu mkubwa kuliko kazi ya mwaka mzima ya mchana mbao, na hakuna kasi inayostahili bei hiyo.

Lakini siwezi kuisifu ya zamani bila kusema hili: 070 haina breki ya cheni. Ncha ya ubapa ikigonga tawi, mashine inaruka kuelekea usoni na cheni inaendelea kuzunguka. Mtetemo wake unatia ganzi vidole, na mkono wenye ganzi haushiki vizuri. Kwa kuchana gogo lililolala chini na kukazwa, naikubali. Kwa kuangusha mti uliosimama, hapana, hata kama inakata vizuri kiasi gani.

Wanaotaka kulinganisha kwa haki wafunge cheni mpya kwenye mashine zote mbili, wasetie kabureta papo hapo, wajaze tangi na kukata mti ule ule hadi petroli iishe, kisha wapime eneo lililokatwa. Na anayenunua leo, ningemshauri achukue ya kisasa yenye breki, asiiguse silinda, na pesa ya kuchonga anunue cheni mbili za akiba na tupa ya kipimo cha cheni yake.