Anayetembea hahitaji kuambiwa atembee

Kila mara kampeni za afya zinaporudi huja na maneno yale yale: tembea zaidi, kula mboga na matunda, punguza sukari. Ushauri wenyewe si mbaya. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na sioni daktari atakayebisha. Lakini hebu simama Enterprise Road hapa Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, uwatazame wanaotoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kuelekea viwanda vya Industrial Area. Wengi wao dakika zao 150 zimekwisha kabla ya Jumatano. Ukimsimamisha mmoja umhubirie faida za kutembea, atakupita tu, maana geti la kiwanda halimngoji mtu.

Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015, unaopima visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ulionyesha kuwa Wakenya watu wazima wasiofikisha kiwango cha mazoezi kinachotakiwa walikuwa asilimia 6.5 tu. Hata hivyo, wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliopindukia walikuwa asilimia 33 mwaka 2014, na kufikia 2022 walikuwa asilimia 45. Wanaume mwaka huo walikuwa asilimia 19. Wakati huohuo, karibu mtoto mmoja kati ya watano walio chini ya miaka mitano amedumaa. Mama mwenye uzito wa kupita kiasi na mtoto aliyedumaa wanaweza kuwa wanaishi chumba kimoja kule mtaa wa Pipeline na kupakuliwa kutoka sufuria moja. Mtu akikuambia kwamba unene ni uvivu na ulafi, muulize hilo analielezaje.

Maoni yangu ni haya: Nairobi haina uhaba wa mafunzo. Miguu tunayo na mboga tunazo, na serikali, ya kaunti na ya kitaifa, inaviharibu vyote viwili kisha inatuchapishia vipeperushi.

Anza na miguu. Wengi wanaotembea katika jiji hili wanatembea kwa kukosa nauli. Ndiyo maana mtu akipata kazi ya maana, kitu cha kwanza anachojinunulia ni kutotembea: matatu kwanza, kisha boda, halafu mkopo wa sacco na gari la mtumba. Simlaumu. Mwenda kwa miguu hapa hukanyaga matope, huruka mtaro usiofunikwa, hupigiwa honi na pikipiki iliyopanda juu ya njia yake, na anapovuka barabara roho iko mkononi. Wanaokufa barabarani Nairobi wengi ni waenda kwa miguu. Nani atatembea kwa hiari katika hali hiyo?

Sera ya kurekebisha haya ipo. Mwaka 2015 kaunti ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa njia za miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Miaka saba baadaye tulifunguliwa Expressway, kilomita 27 za kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mwenda kwa miguu hana ruhusa ya kuikanyaga. Sisemi barabara haikuhitajika. Nasema kwamba pesa zikitafutwa kwa ajili ya magari hupatikana, na zikitafutwa kwa ajili ya watembeao tunaambiwa tuwe na subira. Mapema 2019 tuliahidiwa Jumatano na Jumamosi zisizo na magari katikati ya jiji. Mpango ukaahirishwa hata kabla haujaanza. Kigali walianza siku zao mwaka 2016 na bado wanaziendeleza. Bogotá wanafungia magari barabara Jumapili tangu 1974. Sisi tulipata Luthuli Avenue iliyopanuliwa njia za miguu mwaka huohuo wa 2019, na hilo nalipongeza, lakini barabara moja haitoshi jiji la mamilioni.

Sasa chakula, na hapa ndipo hasira zangu zilipo.

Sijui mtaalamu yeyote wa lishe aliyewahi kubuni kitu bora kuliko mama mboga. Amekaa kwenye njia ya kila mtu anayerudi nyumbani jioni. Anauza sukuma, managu, terere na kunde, anakukatia ukisubiri, anakupa ya shilingi ishirini ukiwa na ishirini, na kama anakufahamu anakukopesha hadi mwisho wa mwezi. Pembeni yake kuna mwingine mwenye maharagwe na githeri iliyokwisha kuchemshwa, na huyo ndiye anayewaokoa wasio na gesi ya kuchemshia maharagwe saa mbili nzima. Ukiwa na hao wawili mtaani, chakula cha jioni ni kukaanga kitunguu na nyanya tu.

Huyu mama mboga ndiye anayekimbizwa na kanjo, askari wa kaunti. Meza yake hupinduliwa, mboga zikapakiwa kwenye gari la kaunti, na kesho arudi kuanza upya au asirudi. Hatua chache kutoka hapo kuna duka la chipsi lenye leseni ukutani, mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi, na soda kwenye friji. Ukiwa umetoka kazini saa mbili usiku, umechoka na stima imepotea, utanunua wapi? Utafiti ule wa 2015 ulikuta asilimia 94 ya Wakenya hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Semina haziwezi kubadilisha hesabu hiyo. Mpeni mama mboga kibanda chenye paa, bomba la maji safi na taa, mtoze ada anayoiweza, halafu mwacheni afanye kazi. Na mkishamaliza hapo, safisheni Mto Nairobi, ambao maji yake humwagilia baadhi ya mboga hizo, kwa sababu watu wameacha sukuma kwa kuogopa ile iliyonyunyiziwa maji taka, na woga wao una msingi.

Kuhusu soda najua nitachokoza. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina takriban gramu 50 za sukari, karibu kiwango chote cha juu kinachopendekezwa kwa mtu mzima kwa siku nzima. Mexico waliitoza kodi kuanzia 2014 na mauzo yakashuka. Uingereza, tangu Aprili 2018, kodi inapanda kulingana na kiasi cha sukari kilichomo, kwa hiyo kampuni nyingi zilipunguza sukari zenyewe ili zisilipe. Mfumo huo wa pili ndio naupenda, kwani anayebanwa ni mtengenezaji. Ushuru wetu unahesabu lita, na mtengenezaji akipunguza sukari hapati nafuu yoyote.

Naam, baada ya Juni 2024 ukitamka neno kodi Nairobi unatafuta ugomvi. Watu waliona pendekezo la kutoza mkate VAT, na wanakumbuka maandamano yaliyofuata barabarani. Kwa hiyo kodi ya sukari ikija bila kuonekana inakokwenda, hata mimi nitaipinga. Ila ikiandikwa kwenye sheria kwamba kila shilingi inaingia kwenye sahani za shule, nitaitetea mbele ya yeyote. Sahani zenyewe tayari zipo: mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023, unamlisha mtoto wa shule ya umma chakula cha mchana kwa shilingi tano. Wali na ndengu kwa shilingi tano, wakati smocha, yaani soseji ndani ya chapati, pale getini ni mara kadhaa ya hiyo. Mzazi hahitaji mhadhara ili achague.

Watoto hao wakishakula wacheze wapi? Eastlands kuna shule zilizo ndani ya majengo ya ghorofa, na mapumziko ni kwenye ngazi. Viwanja vya shule za umma navyo vinamezewa mate na wanyakuzi wa ardhi. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi na polisi kwa kuandamana kudai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Watoto wa shule ya msingi, wakiwa na sare, wakidai mahali pa kukimbia. Sijapata kuona sera ya unene inayolitaja tukio hilo.

Bajeti ya kaunti husomwa Juni kila mwaka, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi wasikizwe. Vikao hivyo hujaa wanaolalamikia taa na takataka, na wana haki. Safari hii na mmoja wetu asimame amuulize MCA wake, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, ni shilingi ngapi za uchukuzi zilizokwenda kwa njia za miguu mwaka uliopita, na ni viwanja vingapi vya shule katika wadi yake vina hati miliki.