Viza peke yake haitoshi

Kuna mwandishi anasema mhandisi wa kigeni akishapata H-1B, viza ya kazi ya wataalamu Marekani, kazi imekwisha. Wapi! Kwanza kampuni za kawaida zinagombania viza 85,000 tu kwa mwaka, tena kwa bahati nasibu. Ukishaingia, jaribu kuomba kazi ya roketi: ITAR, sheria ya Marekani ya kudhibiti teknolojia ya kijeshi, hairuhusu hata uone mchoro mpaka kampuni ikuombee leseni, na ni kampuni ngapi zitahangaika hivyo? Mwenye grini kadi au mkimbizi aliyepokelewa anapita. Kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, ndiyo balaa lenyewe. Kwa kawaida ni cha raia, na hujiombei, lazima udhaminiwe. Fomu inauliza wazazi, ndugu, mpaka wakwe. Mwenye kaka Mombasa na wakwe Muscat ajipange kujieleza.